Mtoto Mgongoni mwa Barre

Hadithi hii nilipewa na Gelle, kaka wa nyanya yangu, mwaka nilipoacha shule kuja kumuuguza. Aliisimulia mara moja tu, akiangalia ukuta.

Siku alipofika Ijara kumchukua binti yake, Gelle alimkuta mkwewe Barre akichota maji kisimani, mtoto amemfunga mgongoni. Wachungaji walikuwa wakicheka.

"Pombe imemgeuza mama!" alisema Yarow, mmoja wao. "Barre, leo utanyonyesha pia?"

Barre aliendelea kuchota maji. Alikuwa askari katika vita vya Burma, na watu wote walijua alirudi na kiu ya huko.

Nyumbani Gelle aliinua mkeka, akatoa chupa tupu. Harufu ya pombe kali ilikuwa imeshika kila kitu. Rahmo, binti yake, alikaa karibu na makaa, akikifukiza moshi chombo chake cha maziwa kama mama yake alivyomfundisha. Mikono ilimtetemeka. Hofu ya mume, Gelle akawaza.

"Hii ya nani?"

Barre alimtazama mkewe. "Pombe ni mimi niliyeileta katika nyumba hii, mzee. Wallahi, ni mimi."

"Basi Rahmo na mtoto wanarudi nami Kotile. Hutawaona tena."

"Waache, mzee. Hapa mimi huwachunga."

"Mlevi amchunge nani? Wewe hata mbuzi kilema sikupi."

Barre akamfungua mtoto taratibu, akamkabidhi. "Usiku asilale na mama yake," alisema.

Gelle akatema mate chini. Mtu huyu alitaka kutawala hata usingizi wa mtoto!

Walisafiri mchana kutwa. Ngamia alibeba vyote isipokuwa kile chombo cha maziwa. Hicho Rahmo alikikumbatia mwenyewe.

"Nipe funda moja, koo limekauka," Gelle alimwomba.

"Yamechacha, Aabo," alimjibu baba yake.

Jua lilipozama wakatua njiani, wakawasha moto. Rahmo aligeukia kando, akanywa, akanywa tena, akamlaza mtoto ubavuni mwake na kulala papo hapo. Gelle akamwonea huruma. Machozi yamemchosha, akawaza.

Mtoto akalia. Akalia tena, safari hii sauti imezibwa. Rahmo alikuwa amemlalia.

"Rahmo! We Rahmo!"

Gelle alimtikisa bega, akamtikisa tena. Hakuamka. Akamsukuma kidogo, mtoto akapata pumzi, akazidi kulia. Labda ni njaa. Hata maziwa yaliyochacha yangemtuliza. Akakivuta kile chombo, akafungua kifuniko.

Kwanza ilitoka harufu ya moshi. Kisha ikatoka harufu ile ya Ijara.

Gelle akarudisha kifuniko. Akamchomoa mtoto chini ya mkono wa mama yake, akavua kilemba, akamfunga nacho mgongoni, akauzunguka moto polepole mpaka mtoto akalala.