Ndoto za Kasuku

Miaka hiyo, viumbe waliolala chini ya paa moja walibadilishana ndoto. Tangu Bi Mize amwokote kasuku aliyekatika bawa, kila akilala aliruka juu ya minazi, mwepesi kama sufi. Ila marehemu mumewe, Mzee Makame, hakumwota tena.

"Bibi, mtoe huyo ndege," mjukuu wake Raya alimsihi. "Babu atarudi."

"Naye aende wapi, maskini wa watu, na bawa moja?"

Asubuhi moja akakubali, shingo upande. Raya akaleta kikapu. Kasuku akainua kichwa, akasema kwa sauti ya Mzee Makame, ambaye hakuwahi kumwona:

"Mize mke wangu, chai tayari?"

Raya akadondosha kikapu. Bi Mize akainjika birika, akatoa vikombe viwili. Cha Raya hakikuwemo.