Jino la Mzee Mwakyoma

Siku hizo kila mkaguzi wa serikali alipandikizwa jino la kulinda afya. Likionja wanga tu, safari zake za kikazi zilikoma. Mzee Mwakyoma, mkaguzi wa mizani, alizipenda safari kuliko mshahara.

Huko Makambako mwenyeji wake, Bibi Sekela, akamwandalia ugali kwa kuku.

"Kuku tu atanitosha, mama."

"Mboga tupu, baba? Kama paka aliyeiba jikoni? Au umenisusa?"

Aibu ikamzidi. Akafinyanga tonge, akalichovya mchuzini, akalipeleka kinywani. Kabla halijafika, jino likasema kwa sauti ya Mzee mwenyewe, "Asante, mama, nimeshiba."

Bibi Sekela akanuna, akaondoa vyote, hata kuku. Mzee akafungua mdomo amwite arudi. Jino likamtakia usiku mwema.