Funda Moja la Mvinyo wa Pwani

Mwanamke yule hakupiga simu kabla. Aliingia tu kwenye duka la mvinyo, pale Soho Road ughaibuni, akaweka kadi yake juu ya kaunta: Denise, mnunuzi wa vinywaji wa hoteli tisa. Alitaka kuonja ule mvinyo mweupe aliousikia mjini.

Manjit, mwenye duka, akaifungua chupa haraka. Tangu mumewe Kewal afariki, duka lilikuwa linakufa taratibu, na Machi hiyo ya 2018 alikuwa ameshaandika tangazo la kulifunga. Mvinyo huo ndio pekee uliokuwa umebaki wa kumwokoa. Ulitoka pwani ya Afrika Kusini, kwenye mizabibu mikongwe isiyofungwa waya, kila mmoja umesimama peke yake kama kichaka.

Aliyeuchagua ni Mohamednoor, mtunza stoo wake, Msomali wa Eastleigh, Nairobi. Aliuchagua kwa kunusa tu.

"Una harufu ya chumvi kwa mbali," Mohamednoor alimweleza mgeni kwa Kiingereza. "Wateja husema ukishameza, unabaki uchungu mdogo, kama wa ganda la limau."

Denise akaonja, akatabasamu. "Kweli kabisa. Haya, onja na wewe. Sinunui kwa mtu asiyeonja anachouza."

"Mimi nanusa tu."

"Basi utatema. Sote tunatema." Akamsogezea glasi na ndoo ya kutemea.

Mohamednoor akairudisha glasi. Hapo Manjit akageukia Kiswahili, lugha waliyotoka nayo wote wawili Nairobi, ambayo mgeni hakuijua.

"Noor, usiniaibishe. Funda moja."

"Siwezi, mama."

"Miaka sita unabeba makreti ya pombe mgongoni. Kwani mgongo hauna dini, ni ulimi peke yake?"

"Nisamehe."

"Si utatema? Kutema si kunywa."

"Ulimi haujui tofauti hiyo, mama."

"Usinihubirie dukani kwangu. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu. Huyu akitoka hapa, duka limekwisha, na wewe utarudi mitaa ya Lozells kubisha milango ya watu ukitafuta kazi."

"Najua."

"Unajua, na bado umesimama hapo kama nguzo?"

Denise alitazama saa yake, akawatazama wao, kisha akachukua kadi yake na kutoka bila kuaga.

Hasira zilimpanda Manjit. Alinyakua glasi, akaumwaga mvinyo wote ndooni, ukamrukia hadi kwenye mikono ya sweta.

"Kazi huna," alisema. "Duka huna, na mimi sina. Umefurahi? Mtu mzima, unaniua kwa sababu ya maji ya zabibu. Uliapa kwa nani, hebu niambie. Kwa shehe? Kwa mama yako?"

Mohamednoor alivua aproni, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya kaunta.

"Hakuna shehe, mama. Nilipokuja kuomba kazi nilikuwa nimeshanyoa ndevu, ndiyo maana hukunitambua. Kabla ya hapo niliwahi kulala kwenye ngazi zako hapo nje, nimelewa hata jina langu silijui. Ni wewe uliyeniamsha, ukaninywesha chai, ukaniambia nikuahidi kwamba sitaonja tena."