Pingamizi la Bi Mwanakheri

Katika nchi yetu kila raia ana pingamizi moja maishani. Akilitumia, sheria huanguka, na hata rais na bunge hawawezi kuirudisha.

Bi Mwanakheri alitumia lake kuangusha sheria ya bomba la maji, kwa sababu bomba lingepita juu ya kaburi la mumewe.

Jioni ile mkwewe Zawena, aliyekuwa mja mzito, alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani.

"Katika nchi ya ng'ambo ya mto mfalme aliamua peke yake," alisema huku akiitua. "Sasa wana maji ndani."

"Na makaburi yao?"

"Yalifukuliwa. Hawakuulizwa."

"Umeona basi, mwanangu."

"Nimeona, mama," alijibu Zawena, akajishika kiuno.

Kesho yake Bi Mwanakheri alichukua ndoo akaenda mwenyewe. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Wakamwamkia kwa adabu, kisha wakampisha hadi mbele.

"Jamani, nitasubiri zamu yangu," aliwaambia.

Wakaitikia, "Sawa, bibi." Lakini hakuna aliyethubutu kuteka maji kabla yake.