Sauti za Saa Nne

Sauti zilirudi Jumanne, saa nne asubuhi, mara tu baada ya chai.

"Mtazameni," ilisema ya kwanza. "Ile ndiyo mikono ya muuaji."

Ya pili ikacheka. "Siku moja atakata kichwa cha mtu, siyo karatasi."

Mkataji alizima mashine. Alikuwa mkuu wa mashine ya kukata karatasi katika karakana ya kujalidi vitabu, na kwa miaka sita kichwa chake kilikuwa kimetulia. Miaka sita ya vidonge kila jioni, bila kuruka hata siku moja. Sasa hasira ilimpanda. Alitamani kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kupigwa.

Hakuwa mtu wa kuficha. Wiki aliyoanza kazi pale aliwaomba wenzake wamsikilize wakati wa chai, akawaeleza kwamba anaishi na skizofrenia. Si pepo, alisema, si kurogwa, wala hajavuta bangi maishani mwake. Ni ugonjwa, una dawa, na mtu anaweza kuishi nao akafanya kazi kama wengine. Aliwasimulia jinsi zamani alivyokuwa akisikia watu wasiokuwepo, waliomfuata hadi bafuni, na jinsi alivyookotwa barabarani siku moja akiwa peku, akibishana na ukuta. Mwisho aliwaomba jambo moja tu: siku akiwauliza kama kuna mtu amesema kitu, wamwambie ukweli. Walimpigia makofi. Wengine walimfuata kumshika mkono.

Ndiyo maana Jumanne ile alimgeukia mshonaji wa meza ya pili, aliyemzoea hata akawa anamwita Jirani. Alimuuliza taratibu kama kuna watu wanaongea kule stoo, nyuma ya ukuta wa mbao.

Jirani aliacha sindano, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa. "Kimya tu, kaka."

Alhamisi zikarudi. Ijumaa vilevile. Zilimjua nje ndani. Zilimwita Peku, zikamuuliza kama ukuta umemjibu. Kila mara alimuuliza Jirani, na kila mara Jirani alimwekea mkono begani na kumpa jibu lilelile.

Alipokwenda kliniki, daktari aliandika bila kuinua macho. Hakuuliza sauti zinasema nini, wala zinamjia wapi. Aliongeza dozi mara mbili, akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani nako moto uliwaka. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimwaga vidonge mezani na kuvihesabu kimoja kimoja. Hesabu ilipotimia, hakuridhika. Alimwambia huenda anavificha chini ya ulimi, kisha anakwenda kuvitema chooni.

Mkataji alipiga meza kwa ngumi, vidonge vikaruka. "Nimevimeza vyote, dada. Kwa nini kila kitu kikiharibika mkosaji ni mimi?"

Tangu siku hiyo walikaa nyumba moja wakinuniana, salamu zenyewe za kulazimishana.

Dozi mpya ilimwangusha. Mikono ilitetemeka, mate yalimchuruzika, usingizi ulimfuata hadi kazini. Wiki ya tatu alikata rundo zima la vitabu vya shule vikatoka upogo, vyote vya kutupwa.

Hakuna aliyemfukuza kwenye mashine. Alikwenda mwenyewe kwa bosi akamkabidhi ufunguo, akisema kwamba mtu anayesikia wasiokuwepo hana haki ya kusimama karibu na kisu kirefu kama mkono. Alipokuwa akisema hayo machozi yalimtoka, naye aliyachukia machozi hayo kuliko ugonjwa wenyewe. Bosi alimsifu kwa uungwana wake. Jioni ileile ufunguo ukapewa Jirani, na mshahara wa mkuu wa mashine ukamfuata. Mkataji akapelekwa kwenye meza ya kupaka gundi.

Jirani alikuja kumpa pole. Alisema kazi ile ameipokea kwa moyo mzito, na kwamba Mkataji akipona tu, atamrudishia.

Sauti hazikukoma. "Gundi nayo ataila," ilisema ya kwanza. Ya pili ikajibu kwamba ataondoka tu, ni suala la siku.

Haikuchukua siku nyingi. Mwezi ulipokaribia kuisha bosi alimwita, akamwambia kwa upole kwamba labda ni vizuri apumzike nyumbani, moja kwa moja. Dada yake alipopata habari aliomba ruhusa kazini kwake, akaja kumwombea. Njiani alimtangulia hatua kumi. Bosi alikuwa na mgeni, hivyo aliambiwa asubiri, akakaa kwenye kigoda kando ya ndugu yake, katikati ya makopo ya gundi. Hawakutazamana.

Chai ilikuwa imekwisha. Karakana ilikuwa imetulia. Jirani alikuwa akifuta vumbi kwenye mashine yake.

"Leo mwendawazimu kaletwa na yaya," ilisema ya kwanza kutoka ukutani.

"Amchunge vizuri," ikajibu ya pili, "asije akajikojolea."

Brashi ilisimama mkononi mwa Mkataji. Alikaza meno. Zaidi ya yote hakutaka haya yamtokee mbele ya dada yake, siku hiyo ambayo amekuja kuapa mbele ya bosi kwamba ndugu yake ni mzima. Alivuta pumzi, akamgeukia Jirani, akauliza kwa sauti iliyopasuka kama amesikia mtu akisema kitu.

Jirani alimtazama kwa huruma. "Kimya tu, kaka."

Dada yake alikuwa ameshainuka kwenye kigoda, uso umemwiva, macho yakiwa kwenye ule ukuta wa mbao.

"Huyo aliyeniita yaya ni nani?"