Risasi ya Ncha Laini

Mbweha alikuwa ameitika! Nyasuma aliacha kunyonya mgongo wa mkono wake, akiigiza kilio cha sungura aliyenaswa ili kumvuta, na moyo ukamdunda kama wa mtoto siku ya sikukuu. Huyoo, mla wanakondoo wake, anashuka kilimani na jua halijatoka!

"Tia ya ncha ngumu, shemeji," Gorobi, mdogo wa mumewe, alinong'ona huku akitetemeka kwa furaha. "Inatoboa kitundu kidogo inapita zake. Ngozi nimeshamwahidi baba mkwe, usiniaibishe."

Kiganjani mwa Nyasuma zilikuwa risasi mbili. Ya ncha ngumu ilimeremeta. Ya ncha laini ilikuwa butu. Hiyo hupasukia mwilini isitoke, na ngozi hugeuka tambara.

Mbweha akasimama, masikio juu. Hapo Nyasuma akasikia chwaa, chwaa, maziwa yakigonga ndoo. Nyuma ya mbweha, ng'ambo ya ua wa michongoma, jirani yao Bi Nyangeta alikuwa anakamua ng'ombe.

"Anaondoka! Tia ngumu!"

Akatia laini, akalenga, akafyatua.

Mbweha akaanguka palepale. "Tumempata!" Nyasuma aliruka akipiga vigelegele, kisha akajiziba mdomo. Ng'ambo ya ua, maziwa yalikuwa yamenyamaza. Hata Gorobi akaisahau ngozi yake. Wakasimama wote wawili, pumzi wameibana, wakiisubiri ndoo ilie tena.