Hodi Zilizokwama

Tangu kugonga mlango kwa mkono kupigwa marufuku, hodi zote hupitia kwenye tableti. Ya Bi Msimu ilikuwa ya bei chee, programu ya hodi ikagoma kuingia, na nyumba yake iliyozoea kujaa vicheko na umbea ikanyamaza mwaka mzima.

"Nimeipachika toleo la zamani, mama. Kaanga maandazi, wageni waja," fundi Shomvi alimwambia akimrudishia.

Alipoiwasha sebuleni, hodi thelathini na moja ziliingia kwa mkupuo, zote za Mwanahawa, jirani ambaye Bi Msimu alimsema kila mahali kuwa amemtupa. Ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma: "Shoga, nifungulie basi, leo siko vizuri."

"Karibu, shoga," Bi Msimu akasema, akafungua mlango.

Ng'ambo ya korido, mlango wa Mwanahawa ulikuwa na jina la mpangaji mwingine.